Namba za Njano, Gari Zito: Leseni Ipi Inamruhusu Mwenye Lori Kuliendesha Mwenyewe

Jirani yangu mmoja wa Usa River, mwalimu mstaafu aliyeendesha Hilux yake kwa zaidi ya miaka ishirini bila kugusa gari la mtu, alinunua Fuso iliyotumika kwa fedha ya kiinua mgongo ili aachane na kukodi magari ya watu kila msimu wa kuvuna mahindi. Gari lilikuwa na namba za njano, kadi ilikuwa na jina lake, bima ilikuwa hai, na magunia yaliyokuwa nyuma yalitoka katika shamba lake mwenyewe upande wa Sanya. Alipofika Kikatiti, askari wa usalama barabarani alimsimamisha, akaomba leseni, akaigeuza na kuisoma kwa utulivu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, gari ni lako, hilo silikatai. Lakini leseni yako ni ya daraja B, na gari hili halimo humu."

Mzee alirudi nyumbani akiwa amekaa kiti cha abiria, lori likiendeshwa na kijana aliyeitwa kwa simu kutoka Maji ya Chai, na jioni ile alinieleza jambo hilo kwa uchungu wa mtu anayeamini kuwa ameonewa. Hoja yake ilikuwa moja, na nimeisikia tangu hapo kwa wafugaji wa Monduli, kwa wenye mashine za kukoboa Moshi mjini na kwa mafundi ujenzi wanaonunua tipa za kubebea mchanga wao: sifanyi biashara ya usafirishaji, sibebi mzigo wa mtu, sichukui nauli, sasa leseni ya magari makubwa naitakia nini? Hoja hiyo si ya kijinga. Imejengwa juu ya jambo la kweli ambalo limewekwa mahali pasipo pake, na makala haya yanajaribu kulirudisha mahali pake.

Jambo la kweli lenyewe ni kwamba sheria zetu hutofautisha gari la binafsi na gari la biashara, na tofauti hiyo inaonekana hata kwa macho. Gari la binafsi hubandikwa namba za njano, la biashara hubandikwa namba nyeupe. Tofauti hiyo inagusa kodi, inagusa bima, inagusa vibali. Mtu anayeishi na tofauti hiyo kila siku ni rahisi kudhani kuwa inagusa pia leseni ya udereva kwa namna ileile, kwamba njano ni ya leseni ya kawaida na nyeupe ni ya leseni ya kazi. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu kuhusu leseni, ubinafsi wa gari una uzito katika hatua moja tu, kisha hauna tena.

Kuelewa hatua hiyo kunahitaji kusoma madaraja yenyewe kwa makini, na nashauri yasomwe kwa kutazama kile yanachokataza kuliko kile yanachoruhusu. Udereva nchini unaongozwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo ni Sura ya 168 ya sheria za Tanzania, na madaraja yanayochapishwa katika kadi na Mamlaka ya Mapato, TRA, yamegawanywa kwa herufi. Daraja B linamruhusu mtu kuendesha magari ya aina zote isipokuwa pikipiki, magari ya biashara, magari mazito na magari ya abiria wa kulipa. Daraja D linaruhusu magari ya aina zote isipokuwa pikipiki, magari mazito na magari ya abiria. Daraja E linaruhusu magari ya aina zote isipokuwa pikipiki na magari ya abiria. Maneno ni karibu yaleyale, ila kila unapopanda daraja, katazo moja linaondoka.

Kutoka B kwenda D, katazo linaloondoka ni la magari ya biashara. Hapa matumizi ya gari yanahesabika: anayeendesha pikapu yake kwenda shambani na anayeendesha pikapu ya kampuni kusambaza soda madukani wanaweza kuwa na gari la aina moja kabisa, lakini wa pili anahitaji D. Jirani yangu angekuwa anazungumzia pikapu, hoja yake ingekuwa na miguu ya kusimamia. Kutoka D kwenda E, katazo linaloondoka ni la magari mazito, na neno hilo halimtazami mwenye gari wala mwenye mzigo. Linatazama gari. Gari likiwa zito ni zito likibeba mahindi yako, likibeba mahindi ya jirani, na hata likirudi tupu kutoka gereji. Kwa hiyo mwenye daraja B aliyenunua lori anapigwa na katazo la uzito hata kama la biashara halimhusu, na mwenye daraja D, ambaye mara nyingi huamini kuwa leseni yake ni ya kazi na inatosha, anapigwa na katazo hilohilo. Mwenye lori zito anayetaka kuliendesha mwenyewe anahitaji daraja E, awe mfanyabiashara au mkulima anayejilisha.

Nimekutana na kosa la aina nyingine kwa watu waliowahi kuendesha mabasi. Dereva mwenye daraja C, ambalo ni la magari ya kubeba abiria 30 au zaidi, hujiona yuko juu ya ngazi yote, na kwa kuwa basi lake lilikuwa refu kuliko Fuso, haoni sababu ya kuulizwa. Lakini herufi hizi si ngazi moja ya kupanda kutoka chini hadi juu. Daraja C lina njia mbili za kulifikia: mwombaji awe amekuwa na daraja C1 kwa muda usiopungua miaka mitatu, au awe amekuwa na daraja E kwa muda kama huo. Aliyepitia C1, yaani magari ya abiria 15 hadi 30, na ambaye kabla yake alitakiwa kuwa na D kwa miaka mitatu, anaweza kufika kwenye basi kubwa bila kupita kwenye lori. Kama kadi yake haina E, basi hana ruhusa ya lori, na miaka yake ya barabara ya Arusha hadi Dar es Salaam haibadilishi hilo.

Kwetu huku kaskazini, tulio karibu na mipaka ya Namanga na Holili, herufi zenyewe zinachanganya zaidi. Kenya inatumia herufi zilezile kwa maana nyingine: kule daraja C ni la malori, likigawanywa kuwa C1 kwa malori mepesi, C kwa ya kati na CE kwa lori zito lenye tela, wakati magari ya abiria yako chini ya D. Kijana aliyejifunzia Taveta au Kajiado akija kufanya kazi Himo na kusema ana C, anayemsikiliza anaelewa basi, naye anamaanisha lori. Mwenye gari anayetafuta dereva asikubali kuambiwa herufi kwa mdomo. Aishike kadi, aone imetolewa nchi gani, kisha ndipo asome herufi.

Mkanganyiko mwingine unatoka mbali zaidi. Watu wengi siku hizi hujifunza mambo ya magari kupitia video za Marekani, na kule hoja ya jirani yangu ina nguvu ambayo hapa haina. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 iliyoanzisha leseni maalumu ya madereva wa biashara inalenga magari yanayotumika kibiashara, na kwa lori moja lisilo na tela mpaka wake ni uzito wa pauni 26,001, yaani takribani kilo 11,794. Anayeendesha gari zito kwa shughuli zake binafsi, kama vile nyumba ya magurudumu ya kutembelea na familia, anaweza kuwa nje ya sharti hilo la shirikisho, kisha kila jimbo linaamua lenyewe limdai nini: California, kwa mfano, ina madaraja ya magari mazito yasiyo ya biashara. Uingereza nayo wapo watu wengi waliofaulu mtihani wa gari dogo kabla ya tarehe 1 Januari 1997 ambao leseni zao bado zinawaruhusu kuendesha magari hadi tani 7.5, wakati waliofaulu baada ya hapo kwa kawaida huishia tani 3.5 bila mtihani wa ziada. Kila nchi imechora mstari wake. Wa kwetu umechorwa kwenye gari, na binafsi naona umechorwa mahali sahihi.

Nasema hivyo kwa sababu ya breki. Gari dogo lenye tani moja na nusu na lori lenye tani 15 yakishuka mlima kwa mwendo uleule, lori lina nguvu ya mwendo mara kumi ya ile ya gari dogo, na nguvu yote hiyo haina pa kwenda isipokuwa kugeuka joto ndani ya ngoma za breki. Anayetoka Karatu na vitunguu vya Mang'ola akashuka ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Mto wa Mbu anaujua mteremko huo: barabara inajipinda, ziwa Manyara linaonekana chini upande wa kulia, na mtu aliyezoea gari dogo mguu wake unakwenda wenyewe kwenye pedeli ya breki na kukaa hapo. Kwa gari dogo hilo huvumilika. Kwa lori lililojaa, ngoma zinapata moto, harufu ya kuungua inaingia ndani, na pedeli inabonyea bila gari kupungua mwendo. Dereva aliyefundishwa huingiza gea nzito kabla ya kuanza kushuka, huvuta breki ya eksozi ili injini yenyewe ishike gari, na pedeli huigusa kwa vipindi na kuiachia. Aliyefundishwa hutazama pia mshale wa kipimo cha upepo kabla hajaondoka, kwa maana lori nyingi kubwa zina breki za upepo, na upepo ukipungua kwenye tenki breki haina kinachoisukuma. Hayo hayafundishwi kwa mtu anayesomea daraja B, kwa sababu gari lake halina vitu hivyo.

Wakazi wa Arusha hawahitaji kuelezwa sana kuhusu lori lisiloshikika. Tarehe 24 Februari 2024, katika eneo la Kibaoni, Ngaramtoni, kwenye barabara ya Namanga, lori ambalo polisi walieleza kuwa breki zake zilifeli liligonga magari mengine matatu na watu 25 walipoteza maisha. Sisemi kuwa leseni ndiyo iliyokuwa tatizo siku ile. Nalitaja kwa kuwa linaonyesha ukubwa wa kile kinachokabidhiwa mtu anapopewa funguo za gari zito, na uzito huo haupungui eti kwa sababu mwenye gari ndiye aliyekaa kwenye usukani.

Kuna jambo katika mgawanyo wetu ambalo silifurahii, na lafaa lisemwe. Kwa maneno ya madaraja haya, E ni moja kwa Fuso ya ekseli mbili, yaani mihimili miwili ya magurudumu, na kwa kichwa chenye tela. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwezi Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya mbele, tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne, tani 18 kwa ekseli mbili zilizofuatana na tani 24 kwa tatu, na jumla isizidi tani 56. Fuso ya ekseli mbili, basi, haivuki tani 18 kwenye mizani. Semitrela, yaani kichwa chenye tela, ya ekseli saba inafika 56. Mwenye gari aliyepata E akijifunzia gari la kwanza anaruhusiwa kupanda la pili kesho yake, ilhali kurudisha nyuma gari lenye tela ni ufundi mwingine kabisa, usukani ukienda kinyume na ulivyozoea. Namsihi mwenye lori asiitumie ruhusa hiyo yote kwa siku moja.

Tukirudi kwenye karatasi, kuna leseni ya pili ambayo watu huichanganya na ya udereva, nayo ni ile inayotolewa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua nafasi ya SUMATRA. Leseni ya udereva ni ya mtu. Ile ya LATRA ni ya usafirishaji, na inafuata gari na shughuli yake. Hapa ndipo swali la jirani yangu, kwamba habebi mzigo wa mtu, lina mahali pa kuulizwa, na jibu lake litafutwe katika ofisi ya LATRA ya mkoa kabla gari halijaingia barabarani, tena kwa kueleza ukweli wote wa mzigo. Anayebeba mahindi yake kwenda na kurudi na saruji ya jirani kwa kulipwa "hela ya mafuta" ameshabeba mzigo wa mtu. Sheria hiyohiyo ya 2019 imeipa LATRA pia kazi ya kusajili na kuthibitisha madereva wa magari ya biashara, jambo ambalo mwenye lori atakayeajiri dereva na kuingia kwenye biashara anapaswa kulijua. Lakini hakuna kibali cha LATRA kinachoongeza herufi kwenye leseni ya udereva, na hakuna herufi inayofuta haja ya kibali.

Bima ndiyo sehemu ambayo wengi hawaifikirii hadi siku ya ajali. Mkataba wa bima ya gari kwa kawaida huweka sharti kwamba dereva awe na leseni halali ya kuendesha gari la aina hiyo. Stika inayoonekana kwenye mfumo inathibitisha kuwa gari lina bima. Haithibitishi kuwa safari ile ina bima. Mwenye lori aliyelipia bima kubwa, kisha akaliangusha yeye mwenyewe huku ana daraja B, anaipa kampuni sababu ya kukataa madai yake iliyoandikwa kwenye karatasi aliyoisaini. Na kama amempa mtoto wake au utingo wake alisogeze gari hadi mashineni, sheria inamtazama na yeye aliyetoa funguo, kwa kuwa ni kosa pia kumruhusu asiye na leseni inayostahili kuendesha gari lako.

Jirani yangu aliamua kusoma, ingawa alikuwa amevuka miaka sitini. Njia yenyewe haina siri. Alichukua leseni ya kujifunzia, ambayo muda wake ni miezi mitatu, akasomea udereva wa magari makubwa chuoni, akafanya mtihani mbele ya polisi wa usalama barabarani, akapimwa macho, kisha akaenda TRA na namba yake ya mlipakodi kukamilisha malipo na kupigwa picha. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kilichoko Mabibo jijini Dar es Salaam kinafundisha madereva wa magari makubwa, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nayo hufundisha udereva. Kwa wa huku swali la kwanza la kumuuliza mwalimu yeyote ni kama gari la kufundishia ni lori kweli, lenye breki za upepo, au ni gari dogo lenye kibao cha chuo. Mzee alitembelea sehemu mbili kabla ya kupata lori. Katika muda huo wote Fuso haikulala: aliajiri kijana yule wa Maji ya Chai, ambaye kadi yake ilikuwa na E, na akawa anakaa pembeni yake akimtazama anavyoshika gea kwenye mteremko wa Kikafu.

Siku ya mtihani, aliniambia, hawakumwuliza gari ni la nani. Walimwambia alizunguke lori na kueleza anachokitazama, na alipofika kwenye tenki la upepo akainama na kuvuta kamba ya kutoa maji yaliyojikusanya chini yake, jambo ambalo kijana alimfundisha asubuhi moja Boma Ng'ombe. Mkaguzi alinyamaza kidogo, kisha akamwambia, "Panda, mzee, twende."

Leseni ya udereva sasa inadumu miaka mitano na ada yake ni shilingi 70,000, tangu mabadiliko ya mwaka wa fedha 2019/20 yaliyoondoa ile ya miaka mitatu kwa shilingi 40,000. Unapokwenda kuihuisha, au kuongeza daraja kama alivyofanya mzee, usiiweke kadi mfukoni kabla hujaisoma: hakikisha kila herufi uliyokuwa nayo imechapishwa tena, na kwamba E ipo, ukiwa bado umesimama dirishani.